Kuku wa Kichina Asiyetoka China

Jirani yangu, mwalimu mstaafu kama mimi, aliisukuma sahani kando. Ilikuwa Jumapili mchana, hapa Mpanda, uani kwangu chini ya mwembe. Mjukuu wangu anayesoma Dar es Salaam alikuwa amekuja likizo, akatupikia kuku wa vipande vidogo vidogo, aliyekaangwa hadi akakauka, kisha akagaragazwa katika mchuzi mzito mtamu wenye tangawizi na pilipili. "Mwalimu," jirani akaniambia, "hiki si chakula chetu. Hawa watoto watatumalizia utamaduni."

Mjukuu wangu akajibu kwa adabu, lakini kwa kosa kubwa zaidi: "Samahani babu. Hata hivyo huyu si kuku wa Kichina hasa. Kule mjini mtu ananunua sosi yake ya chupa, au anafungiwa kabisa mgahawani. Huku hakuna vitu, nimebahatisha tu."

Nawapinga wote wawili.

Nianze na mzee mwenzangu, maana yeye ni mwepesi kumjibu. Chakula chetu ni kipi? Mahindi ya ugali wake asili yake ni Amerika, na muhogo pia, na nyanya, na karanga, na hiyo pilipili anayoisifu. Chapati tumeipokea kwa Wahindi. Kuku mwenyewe, ambaye tunamchinjia mkwe na kumwita wa kienyeji, babu zake ni ndege wa porini wa kusini-mashariki mwa Asia. Tukimwondolea jirani yangu kila kilichovuka bahari atabaki na mtama, ulezi, samaki wa Karema na asali. Si mlo mbaya, nakubali. Lakini sijamwona akiula. Vitu hivi vimekuwa vyetu kwa kuwa bibi zetu walivitia chunguni wakavipika walivyotaka wao, wala hawakumwomba mtu ruhusa.

Shauri la kijana ni zito zaidi. Yeye anaamini kwamba mahali fulani yuko kuku wa Kichina wa kweli, na kwamba kweli hiyo imo ndani ya chupa. Basi na asikilize.

Kuku huyo mtamu, mkavu kwa nje, anayefungwa katika maboksi ya karatasi, ni mtoto wa Marekani. Wachina walifika kule kwa maelfu katika karne ya 19, wengi wao wakitokea Guangdong. Walipasua miamba kujenga reli iliyounganisha mashariki na magharibi ya nchi ile, ikakamilika mwaka 1869. Shukrani waliyopewa ni sheria ya mwaka 1882 iliyowazuia vibarua wa Kichina kuingia, nayo haikufutwa hadi 1943. Kazi nyingi walifungiwa. Wakashika walizoachiwa: kufua nguo za watu na kupika. Walipika kwa nyama na mboga walizozikuta katika masoko ya ugenini, wakaongeza sukari kwa sababu mlaji wa kule aliipenda. (Sisi tunaowakumbuka Wachina wa TAZARA, walioijenga reli yetu kati ya 1970 na 1975, tungepaswa kuielewa habari hii upesi kuliko wengine.)

Tena yupo kuku maarufu kuliko wote huko Marekani, anayeitwa wa Jenerali Tso. Jenerali huyo alikuwa mtu wa Hunan, akafariki mwaka 1885, na hakumla kuku huyo hata siku moja. Aliyembuni ni mpishi Peng Chang-kuei, aliyekimbilia Taiwan mwaka 1949 na kupika karamu za serikali iliyokuwa uhamishoni. Kuku wa Peng hakuwa na sukari. Ni katika miaka ya 1970, jijini New York, ndipo wapishi walipomkausha kwa mafuta na kumtia utamu. Baadaye Peng akafungua mgahawa kule kwao Hunan na kumpeleka kuku wake nyumbani. Mgahawa haukudumu, wenyeji hawakumtambua.

Sasa mjukuu wangu aniambie, neno "hasa" linasimama wapi hapo?

Nilivaa miwani nikasoma karatasi ya chupa moja ya namna hiyo, iliyoletwa na mgeni. Sukari, maji, chumvi, wanga, rangi. Basi. Mkoa wa Katavi umezungukwa na misitu ya miombo. Watu wa Inyonga wanatundika mizinga na asali yao inafahamika mbali. Mtu anabeba dumu la asali kwenye baiskeli kutafuta mnunuzi, nasi tunampita kwenda kununua maji ya sukari yaliyotiwa rangi, tena yaliyosafirishwa kutoka nchi ambayo hata hatuwezi kuitamka. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari ilipoadimika, chai tuliinywa kwa asali na tukaona ni dhiki.

Kuku huyu anapikika hapa, tena vizuri. Nimefanya mwenyewe, pamoja na kijana, na nimeunguza mara mbili kabla ya kupatia. Wa kienyeji ni mgumu, kwa hiyo usimkimbize kwenye mafuta. Mchemshe kwanza kwa chumvi na tangawizi hadi alainike, supu uiweke. Mtoe mifupa, mkate vipande, umkaushe kwa kitambaa, maana maji yaliyobaki hugeuka mvuke na kuilegeza ngozi ya unga. Wanga tumia wa muhogo: paruza muhogo mtamu, ukamue ndani ya maji, uache yatulie, umwage maji ya juu, na ule mweupe uliokaa chini uuanike. Wanga huo hukauka kwenye mafuta ukalia kama karatasi. Chovya vipande katika yai, garagaza katika wanga, kaanga kwa mafuta ya alizeti. Toa, vipumzike, kisha virudishe katika mafuta yenye moto mkali zaidi kwa muda mfupi. Kukaanga mara mbili ndiyo siri yote.

Mchuzi ni kitunguu saumu, tangawizi, pilipili kavu, ukwaju uliorowekwa badala ya siki, na supu kidogo iliyotiwa kijiko cha wanga ili ishikane. Asali hutiwa mwisho, jiko likiwa limepunguzwa mkaa, kwa kuwa asali huungua upesi kuliko sukari na ikiungua huwa chungu. Chupa moja tu naikubali, nayo ni ya soya, kwa matone. Ikikosekana, chumvi ya Uvinza inatosha. Mle kwa wali wa Mpimbwe.

Nikiri na kosa langu. Nimekuwa mkuu wa chuo cha ualimu kwa miaka mingi. Kwa jina la Elimu ya Kujitegemea wanachuo wetu walifuga kuku, wakasafisha mabanda, wakahesabu mayai na kuandika katika daftari. Kumpika tulimwachia mpishi wa kuajiriwa. Sayansi Kimu tuliiona ni somo la wasichana, na mvulana aliyeipenda tulimcheka. Tukawatuma mashuleni walimu wa kiume wasiojua kukaanga yai, na wao wakalea wavulana ambao leo mshahara wao unaishia kwenye chakula cha kufungiwa. Mjukuu wangu alijifunzia kupika kwenye simu, kwa watu asiowajua, nami babu yake nilikuwa nimekaa sebuleni nikisubiri kuitwa mezani.

Kijana amerudi Dar es Salaam na chupa ya soda iliyojaa asali. Jirani yangu bado anashikilia kwamba si chakula chetu. Jumapili iliyopita alikula vipande saba huku akilisema hilo, kisha akaniuliza kama ukwaju wa mti wake ungefaa. Nikamwambia alete, tuujaribu.