Konokono wa Bustani Atafutwe Wakati wa Kiangazi

Mvua za kwanza zinyeshapo Mikumi, mwenye bustani hulala akiwa na tuta la mchicha, akaamka akiwa na tuta la vijiti. Majani yamekwisha, miche ya kabichi imekatwa shingoni, na juu ya udongo imebaki michirizi ya ute mkavu ing'aayo kwa jua la asubuhi. Ndipo hasira humpanda, akachukua fedha aliyoiweka akiba kwa ajili ya mbolea na kwenda dukani kuulizia sumu. Kosa lake si hasira, wala si kutaka kuiokoa mboga ambayo ni kitoweo cha jamaa nzima. Kosa lake ni la kalenda. Amechelewa kwa miezi minne au mitano.

Konokono aliyeila mboga hiyo usiku wa Novemba hakuletwa na mvua, ingawa wengi husema hivyo. Alikuwapo siku zote, hatua chache kutoka tutani, amelala. Jamii ya konokono wakubwa wa nchi kavu, ambao mashuhuri wao ni yule wataalamu wanayemwita Lissachatina fulica (vitabu vya zamani humwita Achatina fulica), asili yao ni ukanda huu huu wa Afrika ya Mashariki, wenye majira ya mvua na majira ya ukame. Wamejijengea namna ya kuyapita majira mabaya. Ardhi ikaukapo, konokono hujificha mahali penye kivuli, hujirudisha ndani ya koa lake, na huuziba mlango kwa kifuniko chembamba cha ute uliochanganyika na chokaa. Kifuniko hicho kikikauka, maji ya mwili hayatoki upesi, na moyo wake hupiga polepole. Anaweza kukaa hivyo miezi mingi bila kula.

Mikumi ina kiangazi kirefu, tangu Juni hadi Oktoba. Katika muda wote huo adui wa bustani ni mfungwa aliyejifunga mwenyewe. Hakimbii wala hatagi, naye hukaa mahali panapojulikana: chini ya tofali zilizopangwa kusubiri ujenzi, chini ya mabati na mbao kuukuu, katika mashina ya migomba, chini ya magogo na katika malundo ya majani makavu nyuma ya jiko. Mtoto wa shule mwenye ndoo huweza kuwaokota kwa saa moja kuliko awezavyo baba yake, kwa kurunzi, katika usiku kumi wa masika. Hata hivyo ni nadra kumwona mtu akifanya kazi hiyo. Wakati wa kiangazi konokono husahauliwa, kama paa linalovuja lisivyokumbukwa mpaka mvua nyingine.

Gharama ya kusahau inatokana na uzazi wake. Konokono huyu ni huntha, yaani kila mmoja ana viungo vya kike na vya kiume, kwa hiyo kila mmoja ni mtagaji. Hutaga mayai 100 na zaidi kwa mkupuo, na akiwa mtu mzima hufikia hata 400. Mayai ni meupe yenye umanjano kidogo, makubwa kama punje ya mtama, na hufukiwa katika udongo laini, yaani udongo ule ule ambao mkulima ameupalilia kwa jasho lake. Aidha, akikutana na mwenzake mara moja, aweza kuzihifadhi mbegu za kiume na kutaga zaidi ya mara moja. Mtu aokotaye konokono 30 mwezi Septemba amezuia, kwa hesabu ya chini kabisa, mayai 3,000. Akiwaokota hao hao mwezi Desemba amewazuia 30 tu, kwa maana mayai yamekwisha kuwa ardhini.

Mwenye shaka juu ya hesabu hiyo na atazame yaliyotokea Miami, katika jimbo la Florida, Marekani. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi kutoka Hawaii na konokono watatu wa aina hii, akiwachukulia kuwa kitu cha kuchezea. Nyanya yake aliwaachia bustanini. Kufikia mwaka 1973 walikuwa wamekwisha kupatikana zaidi ya konokono 18,000, na kuwamaliza kuligharimu kiasi cha dola milioni moja. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1975. Mwaka 2011 wakaonekana tena katika mji ule ule, na ikachukua miaka kumi mingine kuwamaliza. Kiumbe ambaye huku hutupwa nje ya ua kwa ncha ya jembe, kule ametajwa katika sheria.

Sasa yafaa kuitazama sumu yenyewe, kwa sababu wapo watakaosema kwamba kuokota ni kazi ya watoto na kwamba mtu wa kisasa hutumia dawa. Mara nyingi dawa inayonyunyiziwa ni dawa ya wadudu, ile ile iliyonunuliwa kwa ajili ya viwavi. Lakini konokono si mdudu. Yeye ni moluska, ndugu wa chaza na pweza, na dawa nyingi za wadudu hazimdhuru sana. Zinawadhuru wale wamlao. Mwaka 2015 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, walionyesha jambo hilo wazi: koa, yaani konokono wasio na nyumba, walikula miche ya soya iliyotokana na mbegu zilizopakwa dawa ya wadudu, wao wasidhurike, lakini mende wa ardhini waliowala koa hao wakalemaa au kufa. Mkulima alilipia dawa, akawalinda koa.

Dawa ya konokono iliyotumika zaidi duniani ni metaldehidi, ambayo huchanganywa na pumba au unga ili iwe chambo. Humfanya konokono atoe ute mwingi hadi akaukiwe na maji. Mwanafunzi makini ataona mara moja udhaifu wake. Katika hali ya unyevunyevu konokono huweza kuyarudisha maji aliyoyapoteza na kupona, nayo masika ndiyo majira ambayo mkulima huikimbilia dawa hiyo. Zaidi ya hayo pumba huwavuta kuku na mbwa kama zinavyomvuta konokono. Mbwa aliyekula chambo hicho hutetemeka na kupatwa na degedege, na hakuna dawa mahususi ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Uingereza ilipiga marufuku kuitumia nje kuanzia mwaka 2022, kwa ajili ya madhara yake kwa ndege na wanyama wa porini. Ikiwa nchi ile, ambayo wanyama wake wa porini si wengi, imeona hivyo, itakuwaje Mikumi? Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa hapo mwaka 1964 haina ukuta, na kicheche au kanu apitaye uani usiku haulizi mpaka uko wapi.

Wapo pia wasifuo sumu za miti kwa kuwa ni za asili. Huko Ifakara, mji ufikiwao kwa barabara itokayo Mikumi kuelekea kusini, wataalamu walijaribu maganda ya mti uliojulikana kwa jina la Swartzia madagascariensis dhidi ya konokono wa majini waenezao kichocho, na matokeo yakachapishwa mwaka 1986. Maganda yaliwaua konokono. Lakini mti huo huo ni sumu ya samaki, na wavuvi wa sehemu nyingi za Afrika wameutumia kwa kazi hiyo tangu zamani. Kichocho ni ugonjwa, na kwa ajili yake yawezekana kukubali hasara fulani. Tuta la mchicha halistahili gharama hiyo.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kwamba hapa kwetu konokono ana maadui wake, na kwamba wageni wamewahi kusafiri mbali kuja kuwatafuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, visiwa vya Pasifiki vilikuwa vimevamiwa na konokono wetu, naye F. X. Williams, mtaalamu wa wadudu kutoka Hawaii, alikuja Afrika ya Mashariki kuchunguza ni nani amlaye. Katika miaka ya 1950 konokono wadogo wala nyama wa jenasi ya Gonaxis walichukuliwa kutoka Kenya na kupelekwa huko. Mmoja wao huitwa kibweziensis, kwa jina la Kibwezi. Walichukuliwa pia mende wakubwa weusi wa jenasi ya Tefflus, ambao hata leo mtu huwaua akiwaona kwa sababu tu wanatisha.

Matokeo ya safari hizo si ya kujivunia. Hawaii haikutosheka, ikaleta mwaka 1955 konokono mwingine mla nyama kutoka Florida, Euglandina rosea, na visiwa vingine vikaiga. Alifika Tahiti mwaka 1974 na Moorea mwaka 1977. Hakujishughulisha sana na konokono mkubwa aliyeletewa. Aliwageukia konokono wadogo wa miti wa jenasi ya Partula, wenyeji wa visiwa vile, ambao koa zao wananchi walizitunga kuwa mashada. Kufikia mwaka 1987 aina zote saba za Partula za Moorea zilikuwa zimetoweka porini, zikabaki chache tu katika vizimba vya wataalamu, hali konokono aliyekusudiwa bado alikuwapo.

Mkulima wa Mikumi hahitaji kuagiza mla konokono kutoka popote. Anaye kalunguyeye, anaye nguchiro, anaye kenge, anao hao mende weusi, na anacho kimulimuli, ambaye mabuu yake huwawinda koa na konokono wadogo kwa kuwafuata katika ute wao. Anachotakiwa ni kuacha kuwaua. Vilevile atambue kwamba si kila konokono ni mwizi. Milima ya Udzungwa, Uluguru na Ukaguru ina aina nyingi za konokono ambazo hazipatikani penginepo, na kundi kubwa miongoni mwao ni la wala nyama, wenye koa dogo lililo refu kuliko pana. Bernard Verdcourt, aliyekuwa mtaalamu wa mimea huko Nairobi, alitumia muda mwingi wa ziada kuwaorodhesha. Mwalimu amwonapo mwanafunzi akiponda kila chenye koa, na amzuie.

Kuhusu tiba za nyumbani maneno machache yatosha. Chumvi humuua konokono kwa osimosisi, lakini huuharibu udongo. Majivu hufaa yakiwa makavu, na manyunyu ya kwanza huyageuza tope. Maganda ya mayai yanasifiwa mno. Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kiliyajaribu mwaka 2018 pamoja na vizuizi vingine, na mboga zililiwa vile vile. Bata hula konokono kwa furaha, kisha hula na miche, kwa hiyo waingizwe bustanini kabla ya kupanda. Lenye faida kubwa kuliko hayo yote ni kumwagilia asubuhi badala ya jioni, kwa sababu tuta lililoloweshwa jioni ni karamu iliyoandaliwa kwa mgeni wa usiku. Koa, ambaye hana mlango wa kuuziba, atafutwe kiangazi mahali penye majimaji, kama vile kwenye mfereji wa bafu na chini ya mtungi.

Shule nyingi zina mashamba tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, na mahali pa kuyapima maoni haya ni huko. Bustani mbili zilizotengana zichaguliwe. Moja isafishwe mwezi Septemba: tofali ziinuliwe, malundo yafunuliwe, waliolala waokotwe na kuhesabiwa. Nyingine iachwe. Wanafunzi wasitumie mikono mitupu, maana konokono huweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo humdhuru binadamu ubongoni. Wavae mifuko ya plastiki mikononi na wanawe kwa sabuni baadaye.

Mvua zikianza, kila bustani ihesabiwe kwa njia ambayo Petersen wa Denmark aliitumia kwa samaki. Usiku wa kwanza wakikamatwa konokono 40, wapakwe nukta ya rangi ya kucha juu ya koa na kuachiwa. Baada ya siku chache wakikamatwa 50, na 10 kati yao wakawa na rangi, idadi yote yakadiriwa kuwa 40 mara 50 gawanya kwa 10, yaani 200. Mwenye jukumu la jiko la shule huenda akanung'unika kuona konokono wanaachiwa kwa makusudi karibu na mboga, na ana haki. Basi hesabu ikiisha, wenye rangi nao waokotwe.