Akianguka, msimwambie aache

Mwaka 2015 video fupi ilizunguka dunia. Mtoto wa miaka 7 wa Brazil, Rayssa Leal, kavaa gauni la buluu kama kichimbakazi wa hadithini, anaruka ngazi kwa ubao wa magurudumu. Wengi tunakumbuka mruko wa mwisho tu. Lakini kabla ya kupatia alianguka, akainuka, akarudi juu kujaribu tena.

Mbinu ile si rahisi. Mguu wa nyuma unagonga mkia wa ubao ili upae. Mguu wa mbele unateleza mbele na kisigino kinausukuma ukingo, ubao unajipindua mara moja hewani chini ya mtoto. Miguu inauwahi, anatua magoti yamekunjwa. Mtu hulijua jambo hilo kwa kulirudia mara nyingi, na kila mara lisipokuja, anakwenda chini.

Sisi mafundi cherehani tunaona hapa ndipo tunapowadhulumu mabinti. Anayejifunza kushona hufumua mshono mmoja hata mara tano, na sote tunamwambia, "Endelea mwanangu, utazoea." Akianguka kiwanjani mara moja tu, tunasema, "Shuka, huo mchezo wa wanaume." Kaka yake anaanguka pale pale, anapigiwa makofi.

Tunajua mtauliza: na stara je? Hilo tuachieni sisi. Gauni refu linaweza kunasa kwenye magurudumu, basi tunalikata liishie magotini, tunaweka mpasuo pembeni, na chini yake suruali pana yenye mpira kwenye vifundo. Ushungi tunaushona wa kuvaa kichwani, usiohitaji pini. Kofia ngumu na kinga za magoti na viwiko ni lazima. Stara imebaki, na mguu umepata nafasi.

Rayssa aliendelea. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, alipata medali ya fedha akiwa na miaka 13, na Paris 2024 akapata shaba. Si lazima binti yako afike huko. Inatosha ajue kwamba kuanguka mbele za watu si aibu.

Kwa hiyo akianguka, mtazameni goti, msafisheni kidonda, kisha mmuulize kama anataka kujaribu tena. Jibu mwachieni yeye.