Kambi Kilimambogo? Usitume dipoziti kwa mtu usiyemjua

Wikendi ndefu ikikaribia, magrupu ya WhatsApp ya Ruiru na Thika hujaa matangazo: boti Fourteen Falls mchana, kambi Kilimambogo usiku. Safari yenyewe ni poa. Mto Athi unaporomoka pale kwa mikondo mingi, na mlima wa mita 2,145 uko karibu. Shida ni mstari wa mwisho: "Tuma dipoziti leo, nafasi zimebaki tatu."

Maoni yetu ni haya: usitume. Ni kweli, waandalizi wengi wadogo ni waaminifu, na si wote wana Till namba. Lakini ukituma kwa laini ya mtu binafsi, naye atoe pesa kwa ajenti kisha azime simu, hata sisi tunakuwa na kazi ngumu kukurudishia.

Tena kwa safari hii hakuna haja. Hifadhi ya Ol Donyo Sabuk iko chini ya KWS, na ada zake unalipa mwenyewe kupitia eCitizen. Mwenye boti utampata pale mtoni. Elewaneni bei kabla ya kupanda, umlipe hapo hapo, na usome jina kwenye skrini kabla ya kukamilisha.

Kama ni lazima mmoja akusanye pesa za kikundi, awe mtu mnayejua kwake, si picha ya profaili tu. Maporomoko hayaendi popote. Pesa yako ndiyo inaweza kwenda.