Mzee wa Kinshasa, Mzee wa Lemera

UPEPO WA RUZIZI
Na Bahati Mulenda

Kadiri unavyokwenda mbali na Lemera, katika milima ya Kivu Kusini, ndivyo Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa rais wa Kongo, anavyozidi kuwa mkubwa. Kinshasa ana kaburi la fahari na sanamu, na kila tarehe 16 Januari, siku aliyopigwa risasi mwaka 2001, nchi nzima haiendi kazini. Huku Kiringye, chini ya milima hiyohiyo, mtajie mtu mzima jina lake: atakohoa kwanza, kisha aulize wewe ni wa nani.

Sishangai. Mkoa huu ulimjua kabla hajaitwa Mzee. Chama chake cha waasi cha PRP, alichokianzisha 1967, kilijificha miaka na miaka katika milima ya Fizi, kikiishi kwa dhahabu. Che Guevara, aliyekuja kupigana huko 1965, alinung'unika kwamba Kabila haonekani vitani. Lakini huyohuyo alikiri kwamba kati ya wakubwa wa uasi ule, Kabila peke yake alikuwa na kipaji cha kuongoza umati. Yote mawili yalikuwa kweli.

Halafu ikaja Oktoba 1996. Hati ya kuanzisha AFDL, muungano wa waasi uliosaidiwa na Rwanda, ina jina la Lemera na tarehe 18 (wapo wanaoapa kwamba iliandikiwa Kigali). Siku 12 kabla yake, tarehe 6, wapiganaji wa uasi huohuo waliingia hospitali ya Lemera, wakaua wagonjwa vitandani pamoja na wauguzi, watu zaidi ya 30. Daktari mkuu wa pale alikuwa Denis Mukwege, ambaye siku hiyo hakuwepo. Kabila hakushika bunduki ile. Ila ndiye aliyekubali kuwa sura ya jeshi lile, na Mei 1997 likampeleka ikulu.

Kilichomsafisha ni Agosti 1998. Alipogombana na Wanyarwanda waliomleta, Mai-Mai, wanamgambo wa huku, ambao jana yake walimwita kibaraka, wakawa watu wake. Uvira ikatekwa, Makobola ikalilia raia wake waliouawa mwishoni mwa mwaka, na kila aliyeteswa na wavamizi akamhesabu Mzee kuwa mwenzake. Kifo kikamalizia kazi: hakupata muda wa kutuchosha kama waliomfuata.

Mimi simnyimi haki yake. Jina la Kongo alilirudisha yeye, na franka tunayonunulia ndagala ilitoka mikononi mwake 1998. Lakini heshima inayodai tusahau vitanda vya Lemera ni heshima ya woga, na vijana wa leo wanaoandikishwa na kila anayejiita mkombozi wanastahili kusimuliwa habari yote.

Waheshimiwa wabunge mliochaguliwa Uvira: tarehe 16 Januari ijayo, mkishasimama kwa ajili ya Mzee, msikae kabla majina ya waliouawa hospitalini hayajasomwa.