Daftari la Wiki: Pointi za Ohio, Nauli ya Kabuku

Jumatatu

Swali la wiki hii limetoka Columbus, Ohio, kwa mpwa wangu anayefanya kazi ya kutunza wazee. Benki yake inamshawishi achukue kadi ya mkopo inayolipa pointi za safari. Ananiuliza: "Mjomba, nikiichukua, kweli Desemba nitakuja Kabuku bure?" Nimemjibu kuwa bure haipo, nafuu ipo, na nafuu hiyo inahesabika kwa kalamu na karatasi. Nimeona hesabu hiyo niiweke hapa, maana si yeye peke yake. Vijana wa Handeni na Korogwe walioko ughaibuni wanazo kadi hizi mifukoni, na sisi tuliobaki nyumbani tunaiona tiketi tu, deni lililo nyuma yake hatulioni.

Tuanze na mahali pointi zinakotoka. American Airlines ilianzisha mpango wake wa maili, AAdvantage, Mei 1981, na mashirika mengine yakaufuata. Baadaye benki zikawa zinanunua maili hizo kwa jumla na kuwagawia wateja wanaochanja kadi. Kila unapochanja, mwenye duka hukatwa sehemu ya mauzo yake, na kipande cha makato hayo ndicho kinachokurudia kwa jina la pointi. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo mwaka 2015: ada ambayo benki ya mwenye kadi ya mkopo inaipata kwenye kila malipo isizidi asilimia 0.3. Marekani haikuweka ukomo wa namna hiyo kwa kadi za mkopo, ndiyo maana zawadi za huko ni nono na za Ulaya ni kiduchu.

Mwenye duka naye si mjinga, makato hayo huyarudisha kwenye bei. Basi anayelipa taslimu kwenye duka hilohilo, mara nyingi mtu asiye na benki, anamchangia tiketi anayechanja. Jambo hili linaniuma. Lakini mpwa wangu atailipa bei hiyo vilevile hata akikataa pointi, kwa hiyo simwambii aziache.

Jumatano

Amenitumia picha ya taarifa ya kadi ya rafiki yake, aliyeitoa kwa hiari ili tujifunze. Juu, kwa herufi kubwa, kuna idadi ya pointi. Katikati kuna salio lote la deni, na pembeni yake kiasi cha chini anachoruhusiwa kulipa mwezi huu, dola 35. Chini kabisa, kwa herufi za kukaza macho, kuna kiwango cha riba: zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Hivyo ndivyo kadi za Marekani zilivyo siku hizi.

Chukua kadi inayorudisha asilimia 2, ambayo ni kadi nzuri. Umenunua vitu vya dola 1,000, umepata zawadi ya dola 20. Deni hilo usipolilipa, kwa riba ya asilimia 21 kwa mwaka, mwezi mmoja unakutoza dola 17.50. Mwezi wa pili haujaisha, zawadi yote imeliwa na wewe sasa ndiye unayeilipa benki. Mtu anayelipa dola 35 za kila mwezi na kujisifu kwa pointi anawanunulia tiketi wenzake wanaolipa salio lote.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kulipa deni lote kila mwezi, kabla ya tarehe ya mwisho, kwa maelekezo ya kudumu kwa benki ili lisitegemee kumbukumbu ya mtu aliyetoka zamu ya usiku. Asiyeliweza hilo, kadi hii haimfai, hata ingekuwa na bonasi ya namna gani. Na bonasi ndiyo chambo kikubwa: tumia dola elfu tatu au nne ndani ya miezi mitatu, upate pointi za kutosha kuelekea Dar es Salaam. Ikiwa kodi ya nyumba, chakula na mafuta ya gari vinafikisha kiasi hicho vyenyewe, chukua. Ukilazimika kununua televisheni usiyoihitaji ili ufikishe, umenunua tiketi kwa bei ya televisheni.

Alhamisi

Nikiwa bado kwenye mkopo wa safari, kuna habari ya Wazigua, wenyeji wa Handeni hii, ambayo watu wengi hapa Kabuku wanaijua nusu. Katika karne ya 19, njaa na biashara ya utumwa viliwatoa Wazigua wengi pwani hii wakapelekwa Somalia, na kizazi chao kikakaa bonde la mto Juba. Vita vya Somalia vilipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengine walirudi kwa babu zao kama wakimbizi. Makazi yao ya Chogo yako humuhumu Handeni, na wengi wao walipewa uraia wa Tanzania. Wengine walipitia kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya, na kuanzia mwaka 2003 Marekani ikaanza kuwapokea Wabantu wa Somalia wapatao 12,000. Wamo waliofika Columbus, na wapo Lewiston katika jimbo la Maine.

Familia hizo zilipanda ndege kwa mkopo. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, huwakatia wakimbizi tiketi, nao hutia saini ahadi ya kulipa. Mkopo hauna riba, marejesho huanza miezi sita baada ya kufika, na kinachorejeshwa kinasaidia kuwasafirisha wengine. Baba aliyefika na watoto sita alianza maisha akiwa anadaiwa tiketi saba za ndege. Lakini kila rejesho lililolipwa kwa wakati liliandikwa kwenye kumbukumbu yake ya mikopo, na kumbukumbu hiyo ndiyo benki za kule huitazama kabla ya kumpa mtu kadi, gari au nyumba.

Napenda mpwa wangu awafahamu watu hawa, anaoishi nao mji mmoja. Walikopa safari kwa sababu ya kuokoa roho, wakalipa dola kwa dola bila zawadi yoyote. Kadi anayopewa yeye ni ya starehe zaidi na ni ya hatari zaidi, kwa kuwa ina riba na haina mwisho wa marejesho.

Ijumaa

Sasa pointi zimejaa. Zina thamani gani? Kipimo ni rahisi. Chukua bei ya tiketi ile ile kwa fedha, toa kodi na ada ambazo bado utalipa mfukoni, gawanya kwa pointi unazodaiwa. Tuseme tiketi ya KLM kupitia Amsterdam hadi Kilimanjaro ni dola 1,400. Mpango wao wa Flying Blue unataka maili 100,000 pamoja na dola 300 za kodi. Zinabaki dola 1,100 kwa maili 100,000, yaani senti 1.1 kwa kila moja. Kama benki ingekupa senti 1 taslimu kwa kila pointi, faida ya kuhangaika ni dola 100. Si haba, inatosha basi la kutoka Moshi hadi hapa na zawadi ya bibi ikabaki. Lakini si muujiza unaotangazwa. Tarehe zikisogea Krismasi, tiketi hiyohiyo inaweza kudaiwa maili maradufu. Anayeweza kuja mwishoni mwa Januari au Februari pointi zake zinafika mbali zaidi.

Nyongeza ndogo ambayo watu wengi huisahau: mipango mingi inaruhusu pointi zako zimkatie tiketi mtu mwingine. Mama anaweza kusafiri kwa pointi za mwanawe.

Kuhusu msiba, wapo wanaoweka pointi akiba kwa ajili hiyo. Nawasihi waweke fedha. Msiba hauchagui tarehe, na siku unayohitaji kiti, viti vya pointi vinaweza kuwa vimekwisha au vimepanda bei.

Jumamosi

Leo nimepita kituoni pale barabara kuu, panaposimama mabasi ya Tanga, Arusha na Dar es Salaam. Wauza machungwa wamebeba nyavu begani wakikimbilia madirisha. Mbao za Lipa Namba, za kulipia kwa simu, zimebandikwa kwenye meza za wakala, kwenye duka la vinywaji, hata kwenye banda la chipsi. Mashine ya kuchanja kadi sikuiona hata moja. Mwenye kadi ya Ohio akifika hapa atavuna pointi gani? Atakwenda kuchomoa noti kwenye mashine ya benki, na hapo ndipo penye mtego: kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo hakuna pointi, kuna ada, mara nyingi asilimia 5, na riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo bila kusubiri mwisho wa mwezi. Benki nyingi huona hivyohivyo pale unapomtumia mama fedha kwenye simu kwa kadi ya mkopo. Kwa kazi hiyo atumie kadi ya akaunti yake ya kawaida. Na kwenye hoteli ya Dar es Salaam au Arusha ambako mashine ipo, ikimwuliza alipe kwa dola au shilingi, achague shilingi, na kadi yenyewe iwe isiyotoza ile asilimia 3 ya matumizi ya nje ya nchi.

Sisi wa huku zawadi zetu ni za namna nyingine. Benki ya NMB imewahi kuendesha kampeni ya MastaBata, ambayo wanaochanja kadi walishindania fedha na safari. Hiyo ni bahati nasibu, haipangiwi bajeti. Lakini pesa nyingi za safari zinazotupotea Kabuku zinapotea mlangoni mwa basi, abiria wa njiani anapodaiwa nauli ya kutoka mwanzo hadi mwisho wa ruti. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, walipanga nauli kikomo zilizoanza Desemba 2023: shilingi 48.47 kwa kilomita daraja la kawaida, shilingi 67.84 daraja la kati. Kila kilomita 100 ni shilingi 4,847 au 6,784. Ukijua umbali wako unajua unachodaiwa. Dai tiketi ya mtandao yenye jina lako na kituo ulichopandia. Anayesafiri kila mwezi na kukataa kutozwa elfu tano za ziada anaokoa shilingi 60,000 kwa mwaka, tena bila kukopa.

Jumapili

Neno la mwisho kwa mpwa wangu: pointi usizirundike. Wenye kadi za maduka ya Nakumatt walikusanya pointi kwa miaka, hata hapa Tanzania baada ya kampuni hiyo kuchukua maduka ya Shoprite mwaka 2014. Maduka yakaishiwa bidhaa, yakafungwa, na mwanzoni mwa 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifilisiwe. Mwishoni mwa 2022 kampuni ya simu ya Safaricom ilipotangaza kwamba pointi za Bonga zilizopita miaka mitatu zingefutwa, Wakenya walikimbilia madukani kuzimaliza. Kenya Airways nayo ilikuwa ndani ya Flying Blue, ikatoka na kuanzisha Asante Rewards. Kanuni za pointi huandikwa na kampuni, nayo inaweza kuziandika upya. Pointi hazizai riba, kila mwaka zinanunua pungufu. Zikitosha tiketi moja, ikate.

Basi achukue kadi moja, isiyo na ada kubwa ya mwaka, alipie mahitaji ya kila siku, alipe salio lote kila mwezi, na aje Februari. Nawe msomaji, ukiwa na ndugu ughaibuni anayekuja kwa tiketi ya pointi, mpokee vizuri, umpikie, kisha mwulize kama mwezi uliopita alilipa deni lote la kadi. Akisita kujibu, usimtume simu wala viatu.