Kanda za Redio Zinahitaji Vijana

Somo la kwanza la mwanafunzi anayekwenda mafunzo kwa vitendo kwenye hifadhi ya kanda za sauti ni kunusa: kanda ya asetati inayooza hutoa harufu ya siki. Zile za poliesta zina ugonjwa mwingine. Gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu, ikanata, na kanda ikichezwa hivyohivyo huacha sauti yake kwenye mashine kama masizi. Ndiyo maana mafundi huioka kwanza kwa joto la nyuzi 50 hivi, kwa saa kadhaa. Kisha hunakiliwa kidijiti, na kanda ya saa moja hutaka saa nzima ya kusikiliza, hakuna njia ya mkato. Dar es Salaam kazi hii ni ya haraka. Redio Tanzania ndiyo iliyorekodi bendi za dansi za miaka ya 1960 na 1970 pamoja na hotuba za Mwalimu Nyerere, na hewa ya pwani haina huruma na kanda. Mashine za kuzichezea nazo hazitengenezwi tena kama zamani, na wazee wanaoweza kutambua sauti ya mwimbaji asiyeandikwa kwenye boksi wanapungua. Vyuo vinavyofundisha historia, muziki na utunzaji wa kumbukumbu vipeleke wanafunzi kwenye hifadhi ya kanda hizo, viwalipie nauli, na wazee hao waalikwe wakae nao mezani wakati kanda inazunguka.