Dipoziti ya risoti haitumwi kwa namba ya mtu

Msimu wa likizo ukikaribia, ajenda kwenye vyama vya Rongai, Kitengela na Kajiado huwa ni moja: safari ya Pwani. Na siku hizi watu hawatafuti tu chumba cha kulala Mombasa. Wanataka kisiwa. Wanataka mahali kama Chale, kule Kwale kusini mwa Diani, ambako mgeni anavushwa kwa mashua maji yakijaa na kwa trekta maji yakipwa, na akishafika kazi yake ni kula, kuogelea na kulala. Sisi hatuoni ubaya wowote. Mtu anayeamka alfajiri mwaka mzima kushindana na foleni ya Magadi Road ana haki ya kupumzika, tena pahali pazuri.

Tunachotaka kuongea leo ni ile pesa inayotangulia safari. Msimamo wetu ni huu: dipoziti ya risoti isitumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Hata kama picha ni kali, hata kama anayejibu WhatsApp ana adabu zote, hata kama ofa "inaisha leo saa sita usiku".

Jasho la chama, PIN moja

Hebu tupige hesabu. Chama kina watu 12, kila mmoja anaweka 2,500 kwa mwezi. Baada ya miezi 8 mko na shilingi 240,000. Kabla ya Agosti 2023, mteja wa M-Pesa hangeweza kutuma zaidi ya 150,000 kwa mara moja. Sasa anaweza kutuma hadi 250,000. Kwa mfanyabiashara hiyo ni nafuu kubwa. Lakini pia ina maana kwamba mweka hazina anaweza kutuma jasho la watu 12, la miezi 8, akiwa amesimama kwa steji akingoja matatu, na likaisha kwa PIN moja.

Akikosea, shida haibaki kwa pesa peke yake. Mweka hazina ni jirani, ni shemeji, ni mtu mnayekutana naye kanisani. Chama huvunjika, na yeye hubaki akijieleza miaka.

"Lakini hata mama mboga natumia namba yake"

Hili ndilo jibu tunalolipata kila tukitoa onyo hili, na si jibu la kijinga. Ni kweli, kila siku tunatuma pesa kwa namba za watu: mama mboga, fundi, mtu wa boda. Tofauti ni moja tu, nayo ni muda. Kwa mama mboga, sukuma iko mkononi kabla hujaweka PIN. Na bado unamuuliza, "Inatokea jina gani hapa, ni lako?" Kwa risoti unalipa Agosti kitu utakachokiona Desemba, kilomita zaidi ya 500 kutoka kwako, kwa mtu ambaye hujawahi kumwona. Kadiri kitu kinavyokuwa mbali na pesa yako, ndivyo ushahidi unavyotakiwa kuwa mzito. Sisi huwa tunafanya kinyume. Tunakagua jina kwa shilingi 50 za sukuma, halafu kwa 240,000 tunaamini picha ya kidimbwi cha kuogelea.

Na mkora anajua hivyo. Kazi yake ni rahisi: anachukua picha za hoteli ya kweli, anafungua ukurasa, anatangaza bei ya chini na kusema ni bei ya wakazi. Hapo anagusa jambo la kweli, kwa sababu hoteli nyingi za Pwani huwa na bei nafuu kwa wakazi kuliko kwa wageni wa kutoka nje. Ukiuliza Paybill, anakuambia "sistimu iko na shida, tuma kwa hii namba ya mhasibu wetu". Ukisikia maneno hayo, simama hapo hapo.

Kurudisha pesa si bima

Watu wengi wanajipa moyo kwamba kukiharibika wataomba muamala urudishwe. Tuseme wazi. Huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa mtu aliyekosea namba. Haikuwekwa kwa ajili ya kuamua ugomvi kati ya mnunuzi na muuzaji. Na hata ukiomba haraka, kinachoweza kurudi ni kile ambacho bado kiko kwenye akaunti ya aliyepokea. Mkora hakai na pesa. Ikiingia tu, anaitoa au anaituma kwingine.

Kwa hivyo ulinzi wako uko kabla ya PIN. Kabla ya kutuma dipoziti, fanyeni hivi:

Kwanza, pigieni hoteli kwa namba mliyoitafuta wenyewe, isiwe ile ya kwenye tangazo. Ulizeni kama nafasi yenu ipo na wanapokea malipo kwa njia gani.

Pili, ombeni ankara yenye tarehe, idadi ya watu na bei. Bei ni ya mtu au ya chumba? Ni kwa usiku mmoja? Chakula ni cha asubuhi tu au cha siku nzima? Mashua ya kuvuka imo ndani? Mkihairisha, pesa inakuwaje? Kama bei ni ya dola, watatumia kiwango gani cha kubadilisha?

Tatu, lipeni kwa Paybill au Till, na msome jina linalotokea kwenye skrini. Lifanane na lile la kwenye ankara. Lakini jina pekee halitoshi, kwa sababu mkora pia anaweza kusajili Till yenye jina la kupendeza. Ndiyo maana simu ya kwanza ni lazima.

Nne, ulizeni leseni. Kwa sheria ya utalii ya mwaka 2011, hoteli na kampuni za safari nchini zinatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, TRA. Biashara ya kweli haikasiriki ikiulizwa.

Tano, msitume pesa yote kwa mara moja. Lipeni kiasi kilichoandikwa kwenye ankara kama dipoziti, na salio liende kwa tarehe mliyokubaliana.

Na wale wadogo?

Kuna watu waaminifu Diani, Watamu na Lamu wenye nyumba moja ya kukodisha, na hawana Paybill. Hatutaki wakose wateja kwa sababu ya maneno yetu. Kwa hao, tafuteni mtu mnayemjua aliyewahi kulala hapo, toeni dipoziti ndogo ambayo hata ikipotea haitavunja chama, na mengine mlipe mkishaingia ndani na kuona kitanda. Mwenye nyumba kama anapenda biashara iendelee, aombe Till kwa jina la biashara yake. Siku hizi si kazi kubwa.

Kwa vyama tuna ombi moja la mwisho. Kwenye mkutano ujao, andikeni kwenye kumbukumbu kwamba malipo yoyote ya safari yatafanywa watu wawili wakiwa pamoja: mmoja anaweka PIN, mwingine anasoma jina kwa sauti. Mweka hazina asichukulie kwamba anashukiwa. Mambo yakienda mrama, hatakuwa amebeba lawama peke yake.